Mabishano ya Besi: Kweli na Uongo Kuhusu PS Kuukuu

Besi niliyokulia, yaani kibanda cha kulipia kucheza PS, ilikuwa Umoja Innercore, Nairobi, chumba cha mabati kilichoegemea ukuta wa ploti, kinyozi upande huu na mama wa chapati upande ule. TV nne za Great Wall za inchi 14, benchi mbili, kipande cha kadibodi chenye bei ya mechi, na kijana mlangoni aliyekusanya pesa na kuamua kesi zote: nani amebonyeza pozi makusudi, nani amevuta waya wa pedi, nani anatoka kwa sababu kafungwa tano bila. Nilipita hapo juzi. Great Wall zimeondoka, TV ni bapa. Mashine tatu ni PS4. Ya nne ni PS3, imewekwa kona ya watoto. PS5 hakuna, maana bei yake inakaribia ya boda ya mkono wa pili, na boda angalau hubeba abiria.

Kelele ndiyo haijabadilika. Nilinunua chapati mbili, nikakaa benchi ya nyuma nikasikiliza. FC 26, gemu ya mpira ya EA iliyorithi FIFA, ilitoka mpaka kwa PS4, na anayengoja zamu lazima abishane: je, hiyo ni heshima kwa wenye mashine kuukuu, au ni mashine kuukuu kuwakalia wengine shingoni? Nimeyaandika hapa yale yaliyosemwa kwa sauti kubwa zaidi, pamoja na hukumu yangu. Urefa nimejipa mwenyewe.

"PS4 ndiyo inarudisha gemu za PS5 nyuma"

Kweli. Ila muulize anayesema hivyo kwa nini, atakujibu "grafiksi", na hapo ndipo anapopotea. Picha ni kitu rahisi kupunguza kuliko vyote. Ukitaka gemu moja iende kwenye mashine mbili, moja yenye misuli na nyingine isiyo nayo, unapunguza ukali wa picha, unafuta vivuli kadhaa, unapogoa miti, na mchezo unabaki mchezo. Vigumu kupunguza ni vitu vitatu ambavyo havionekani kwenye kioo: prosesa inayofikiri kwa niaba ya kila kiumbe aliyemo ndani ya gemu, memori inayoshika vitu vilivyo karibu na mchezaji, na diski inayovileta vitu hivyo.

Tuanze na diski. PS4 ilitoka Novemba 2013 ikiwa na diski ya kuzunguka, ya aina iliyokuwa kwenye laptopu za enzi hizo. Machi 2020 Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS4 na PS5, alieleza kwamba diski hiyo husoma kati ya megabaiti 50 na 100 kwa sekunde. SSD ya PS5 husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Tofauti hiyo si ya kulodi haraka tu. Hubadilisha kile ambacho mtunzi wa gemu anathubutu kukiwaza.

Chukua mfano wa kibanda cha chakula. Mpishi hana stoo, na kila mteja anapoagiza, anamtuma mtoto soko la Mutindwa kununua nyanya. Atafanyaje asichelewe? Ataweka nyanya kila mahali: kando ya jiko, chini ya meza, mlangoni, hata juu ya friji, ili popote mkono unapofika uikute moja. Hivyo ndivyo walivyofanya watengenezaji wa Spider-Man ya PS4 ya mwaka 2018. Cerny alisema kuna vitu katika gemu ile vilivyonakiliwa mara 400 kwenye diski, kwa sababu kichwa cha kusomea hakikuwa na muda wa kurudi nyuma kutafuta nakala moja wakati mchezaji anaruka kati ya maghorofa ya New York. Na huyo Spider-Man hakuruhusiwa kuruka kasi kuliko diski inavyoweza kuleta mtaa unaofuata. Mwaka 2019 Cerny aliwaonyesha waandishi gemu hiyohiyo kwenye mashine ya majaribio ya kizazi kipya: safari ya kutoka kona moja ya jiji hadi nyingine, ambayo kwenye PS4 Pro ilichukua sekunde 15, ikachukua sekunde 0.8.

Sasa utajua kwa nini shujaa wa gemu nyingi za kizazi kile hufika mahali akalazimika kupenyeza mwili taratibu katikati ya miamba miwili, au kungoja kwenye lifti ndefu akipiga soga na mwenzake. Mara nyingi hapo hakuna hadithi wala ujasiri. Ni diski inavuta pumzi. God of War Ragnarök ilitoka Novemba 2022, miaka miwili baada ya PS5, lakini kwa kuwa ilitoka pia kwenye PS4, mwenye PS5 naye anapenya kwenye nyufa zilezile.

Prosesa nayo ina kesi zake. Battlefield 2042 ya mwaka 2021 iliweka wachezaji 128 kwenye pambano moja kwa wenye PS5 na kompyuta, wa PS4 wakapata 64. Horizon Forbidden West ilitoka Februari 2022 kwenye mashine zote mbili, lakini sehemu yake ya nyongeza, Burning Shores, ilipokuja Aprili 2023, ilikuwa ya PS5 peke yake. Watengenezaji walitaka mawingu unayoweza kuruka ndani yake na pambano la mwisho kubwa kuliko yote, wakaona PS4 haivibebi.

Kwa hiyo ndiyo, inarudisha nyuma. Lakini shika neno "diski", utalihitaji mara moja.

"Gemu zimekuwa nzito kwa sababu picha zimekuwa kali"

Nusu uongo, na ni uongo unaotugharimu bando. Picha kali ni nzito kweli. Lakini zile nyanya zilizotapakaa kibanda kizima nazo zina uzito wake. Helldivers 2 kwenye kompyuta ilikuwa imefika karibu gigabaiti 154. Mwishoni mwa 2025 watengenezaji wakaondoa nakala zilizowekwa kwa ajili ya wenye diski za kuzunguka, ikashuka hadi kama gigabaiti 23. Mchezo uleule, bunduki zilezile. Gigabaiti zaidi ya 130 zilikuwa huruma kwa diski kuukuu, zikilipiwa na kila mtu, hata mwenye SSD. Anayedanlodi kwa bando la simu akiwa Kayole, hesabu hiyo ataifanya mwenyewe, na hatatabasamu.

"Ule ukungu wa San Andreas ni madoido tu"

Hili alilisema kijana ambaye, kwa kumkadiria, alizaliwa baada ya gemu yenyewe. Nilimheshimu kwa kuijua. Lakini ni uongo, na uongo mtamu kuliko wote wa siku ile.

Kila aliyecheza GTA: San Andreas kwenye PS2 anakumbuka vitu viwili. Cha kwanza, ukipanda Mount Chiliad ukatazama chini, nchi inayeyuka kwenye moshi wa rangi ya chungwa kabla hujauona mji. Cha pili, ukihangaika siku nzima ukapata gari adimu, ukitoka nalo barabarani unakuta nusu ya jiji inaendesha gari hilohilo. Sisi tulisema gemu ina wivu.

Gemu haikuwa na wivu, ilikuwa na njaa. PS2, iliyotoka Japani Machi 2000, ilikuwa na megabaiti 32 za memori kuu. Simu yenye gigabaiti 2 ina mara 64 ya hizo. Katika megabaiti hizo 32, mwaka 2004, Rockstar, watengenezaji wake, walilazimika kutia barabara, nyumba, watembea kwa miguu, polisi, silaha na akili za hao wote, na nje ya hapo ramani yenye miji mitatu uliyoweza kuizunguka bila kusimamishwa na skrini ya kulodi. Haiwezekani, kwa hiyo haikuwekwa yote. Ramani ilikaa kwenye DVD, na mashine ikawa inachota kipande kilicho mbele yako na kutupa kilicho nyuma. Aina za magari zilizoweza kukaa kwenye memori kwa wakati mmoja zilikuwa chache mno. Gari unaloliendesha lazima liwemo. Na kwa kuwa limo tayari, nafuu ni kulitumia hilohilo kujazia barabara.

Ukungu ulikuwa pazia. Nyuma yake mafundi walikuwa wakikimbia kupanga viti kabla mgeni hajaingia. Silent Hill ya PS1, mwaka 1999, ilitumia pazia hilohilo, na watu wakaliita ubunifu wa kutisha. Na lilikuwa ubunifu kweli! Obbe Vermeij, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi Rockstar North, amesimulia jinsi katika GTA III walivyoongeza kidogo ukinzani wa hewa kwenye gari la mchezaji katika sehemu moja ya Portland, eneo la jiji la gemu hiyo, ili lisikimbie kuliko DVD inavyoweza kuleta mtaa. Upepo wa uongo, wa kumsaidia msomaji wa diski. Mimi nilidhani ni pedi yangu imelegea.

Thibitisho lilikuja Novemba 2021. San Andreas ikatolewa upya kwa mashine mpya, zenye memori ya kumwaga, na ukungu ukaondolewa. Watu wakapanda Mount Chiliad, wakatazama, wakaona kila kitu. Ndipo wakagundua nchi yote ni ndogo mno. Safari tuliyoihisi ni ya Nairobi kwenda Mombasa ikawa ya Umoja kwenda Donholm. Malalamiko yalikuwa mengi, kuhusu hilo na kasoro nyingine, hata Rockstar wakaomba radhi hadharani mwezi huohuo. Novemba 2024 sasisho lingine likarudisha mwanga na anga ya kale kwa anayeitaka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoiona mashine dhaifu kama koti unaloweza kuivua gemu ikabaki ileile. Udhaifu wa PS2 ulishonwa ndani ya San Andreas. Ukubwa wa ramani, mzunguko wa barabara, kasi ya magari, rangi ya jioni: vyote vilipimwa kwa megabaiti 32.

"Mpira ni uleule kwa PS zote, wamebadilisha jezi tu"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu besi za Eastlands zimejengwa juu ya mpira. Gemu za vita na za magari ni wageni wa jioni. Mpira ndio hulipa kodi.

Kwa PS2, lilikuwa kweli. FIFA 14 na PES 2014 zilitoka kwenye PS2 mwishoni mwa 2013, zaidi ya miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa, wakati Sony wenyewe walikuwa wameshathibitisha mwanzoni mwa mwaka huo kwamba hawaitengenezi tena. Majina yalikuwa mapya, miguu ilikuwa ya zamani. Ulikuwa mtumba uliofuliwa na kupigwa pasi, na hatukulalamika, kwa sababu CD zetu nyingi zenyewe zilitoka barabara ya Luthuli kwenye bahasha za nailoni na mashine zilikuwa zimetiwa chipu za kusomea CD za kunakiliwa.

Kwa PS3 na PS4, ni uongo. FIFA 17 ilihamia injini ya Frostbite kwenye PS4, ikaja na hadithi ya Alex Hunter, kijana wa London anayetafuta namba kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Kwenye PS3 Alex Hunter hakufika. Besi iliyokuwa na PS3 mwaka ule iliuza mechi tu bila hadithi, na hivyo ikaendelea mpaka FIFA 19, ya mwisho kwa mashine ile. Mwaka 2021 kisa kikajirudia ngazi moja juu: kwa FIFA 22, EA waliwavika wachezaji 22 mavazi ya kunasa mwendo, wakacheza mechi nzima, na mienendo iliyotokana na hapo ikapelekwa PS5. PS4 ikapewa gemu yenye jina hilohilo bila miguu hiyo.

Kwa hiyo kwenye mpira mashine kuukuu haikumvuta mwenzake nyuma. Ilitengenezewa chumba chake cha uani na kuachwa humo, ikiletewa jezi mpya kila Septemba. Ni mbinu ya bei rahisi, na kwa mwenye besi inatosha: mteja anataka kumwona mchezaji aliyehama juzi kwenye klabu yake mpya, basi.

Lakini ngoja, kuna kisa kimoja ambacho wabishi wa besi hawakukitaja, nami nadhani ndicho muhimu kuliko vyote. FIFA 22 ya kompyuta. Kuna watu walikuwa na kompyuta zenye nguvu kuishinda PS5, wakanunua FIFA 22, wakapewa ile ya PS4. Toleo jipya waliletewa mwaka uliofuata, na FIFA 23. Sababu haikuwa mashine zao. EA walitazama kompyuta walizonazo wateja wao wengi, wakaona zitashindwa, wakaamua kwa wingi. Mwenye nguvu alifungwa kamba na umati.

Tekken, ile gemu ya ngumi, ilikwenda njia nyingine. Hadhira yake ni ndogo kuliko ya mpira, na mshabiki wake yuko tayari kuuza kitu ili ahame. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 kwa PS5, Xbox Series na kompyuta, PS4 haimo kabisa. Hapa Kenya, nchi iliyomtoa Sylvia Gathoni, Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa mchezo huohuo, anayetaka kushindana leo lazima apate mashine mpya au akae pembeni na Tekken 7.

"Kuinyima PS4 GTA 6 ni roho mbaya"

Uongo. GTA 6 ya Rockstar ilitangazwa bila PS4, na kuna kaburi la kuonyesha kwa nini. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na ikapelekwa PS4 na Xbox One kwa sababu huko ndiko walikokuwa wanunuzi. Iliganda, ikaanguka, watu wakatokea bila nyuso. Wiki moja baadaye Sony wakaiondoa dukani kwao na kurudisha watu pesa, haikurudi mpaka Juni 2021. Nyongeza yake ya mwaka 2023, Phantom Liberty, PS4 haikuiona.

Rockstar wenyewe wana kovu lao. GTA V ilizaliwa Septemba 2013 kwenye PS3, mashine yenye megabaiti 256 za memori kuu na nyingine 256 za picha. Kufikia 2015 nyongeza mpya za GTA Online hazikuweza kuingia tena kwenye PS3, zikakoma, na Desemba 2021 taa zikazimwa kabisa. Mwaka huohuo wa 2015 Call of Duty: Black Ops III ilitoka kwenye PS3 bila sehemu yote ya hadithi. Mnunuzi alilipia gemu akapewa robo tatu. Ukiniuliza mimi, kunyimwa kwa adabu ni afadhali.

"Ni mashine kuukuu tu zinazochelewesha"

Uongo, na hili ni fupi. Xbox Series S ilizaliwa siku moja na kaka yake mkubwa, Series X, Novemba 2020, ila ikapewa gigabaiti 10 za memori badala ya 16. Baldur's Gate 3 ilifika PS5 Septemba 2023. Xbox ilingoja mpaka Desemba, kwa sababu ya kucheza wawili kwenye skrini moja iliyogawanywa, jambo ambalo Series S haikuliweza wakati ule. Mwishowe waliitoa bila hilo kwa Series S. Mashine haihitaji kuzeeka ili iwe nzito kuibeba.

"PS4 haisomi CD ya PS3 kwa sababu wanataka tununue tena"

Wanataka, sana. Lakini sababu iko kwenye chuma. PS3 ya 2006 ilitumia prosesa iitwayo Cell, yenye kiini kimoja kikuu na vingine vidogo vya pembeni ambavyo mwandishi wa programu alilazimika kuvipangia kazi kimoja kimoja, kama karani wa soko la Wakulima saa kumi alfajiri. Gemu zilizoandikwa kwa lugha hiyo hazielewi mashine nyingine. PS4 ikaachana na Cell, ikachukua prosesa za jamii ya kompyuta za kawaida, na daraja likakatika. Kumbuka PS3 za mwanzo zilisoma CD za PS2 kwa sababu zilibebeshwa vipande halisi vya PS2 tumboni. Sony baadaye wakavitoa kupunguza gharama.

Na hapa kuna namna ya kuathiriwa ambayo hakuna aliyeigusa siku ile. PS5 inasoma karibu gemu zote za PS4 kwa sababu ilisanifiwa iweze kujifanya PS4. Waliokuwa wakichora mashine mpya walikuwa na ya zamani mezani, wakimuuliza babu ruhusa kabla ya kuhamisha ukuta.

"Mashine dhaifu ndizo zilizozaa gemu tamu"

Wazee wa PS2 hulipenda hili, nami nimo. Tunapendelea. Space Invaders ya 1978 huongeza kasi kadiri unavyowaua wavamizi kwa sababu prosesa ilibaki na wachache wa kuchora, na Tomohiro Nishikado, aliyeitunga, akaacha hivyo kwa kuwa ilisisimua. Kisa ni cha kweli. Lakini kwa kila Space Invaders kulikuwa na rundo la gemu zilizokuwa mbovu kwa sababu tu mashine ilikuwa mbovu, na hizo tumezisahau kwa hiari.

"Sisi wa Eastlands ndio tunaiweka PS4 hai"

Huyu aliyesema alisimama kabisa, pedi mkononi. Nilitamani iwe kweli.

Mwaka 2024 Sony waliwaambia wawekezaji kwamba karibu nusu ya watu wanaotumia PlayStation kila mwezi walikuwa bado kwenye PS4. Mashine hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 117. Umati huo ndio unaoifanya FC ije tena na tena. Lakini je, sisi tumo? PS4 iliyouzwa London mwaka 2014, ikatumika, ikaja Nairobi kama ex-UK, imehesabiwa mara moja tu, siku ile ya London. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony wamefungulia duka lao la mtandaoni, kwa hiyo anayefungua akaunti Buruburu huandika kwamba yuko Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na huhesabiwa huko. Na mashine iliyofunguliwa na fundi ili imeze gemu bila kulipia, ile haiingii mtandaoni kabisa, ikiingia inafungiwa. Besi moja yenye mashine tatu huchezesha mtaa mzima, lakini kwenye daftari la Tokyo mtaa huo ni watu watatu, wasioishi Kenya, au hawapo.

Tunafaidi gogo ambalo wengine wamelikalia. Wakiinuka, sisi uzito wetu hautalishikilia.

Mashine kuukuu ambayo watengenezaji wanaihesabu ikiwa mikononi mwetu ni simu. Watunzi wa hapa walilijua hilo mapema: Planet Rackus walipotoa Ma3Racer mwaka 2011, gemu ya kuendesha matatu, waliilenga simu za Nokia ambazo watu walikuwa nazo mfukoni. Hawakuona udhaifu wa simu zile kama kizuizi cha kulalamikiwa. Ndipo walipoanzia kuchora. Na upepo huo sasa unavuma mpaka juu. Konami walipoizika PES na kuleta eFootball mwaka 2021, walitangaza gemu moja ya bure ambayo mwenye simu na mwenye PS5 wangekutana uwanjani. Siku ya kutoka kwake ilichekwa dunia nzima kwa nyuso na miguu iliyopinda, na wapo waliosema simu ndiyo iliyoiburuta. Hilo sitalikatia hukumu. Ila watoto wawili kwenye benchi ya nyuma, waliokosa shilingi za mechi, walikuwa wakiicheza kwenye simu moja iliyopasuka kioo, kwa zamu.

Stima ilipotea saa mbili kasorobo, mechi ikiwa dakika ya 80, na mabishano yakahamia kwenye nani alikuwa akiongoza. Nilitumia giza hilo kumuuliza mwenye besi, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mtoto kidato cha pili, atanunua PS5 lini.

"Siku FC itakapokataa kuingia PS4."

Nikamwambia kule EA nao wanangoja watu kama yeye wanunue PS5 ndipo waikatae PS4.

Akacheka. "Basi tungojane," akasema, akawasha tochi ya simu kuhesabu sarafu.